Hukumu ya Mwalimu Nukta

Wanafunzi wake ndio waliompa jina la Nukta, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofunga kila ubishi. Alieleza jambo lake, akasikiliza pingamizi moja, au mawili kama siku ilikuwa njema, kisha akasema "nukta" na kuugeukia ubao. Jina likamfuata kwenye chumba cha walimu, likamfuata sokoni na kwa fundi viatu, na alipostaafu lilikuwa limezoeleka kiasi kwamba jirani wa mlango wa pili hakujua kama ana jingine. Yeye hakulichukia. Mwalimu mwenzake wa hesabu aliitwa Kifutio, kwa hiyo alijua angeweza kupata baya zaidi.

Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi alifundisha vitabu vingi, lakini kimoja kilikuwa chake: riwaya ya Binti wa Mpima Ardhi. Ni habari ya mpima ardhi mwaminifu wa mji mdogo, ambaye mwenye kinu cha nafaka anamrubuni achore ramani upya, mpaka usogee hatua arobaini, ili kijito cha majirani kiangukie upande wake. Mpima anakubali. Binti yake anazikuta ramani mbili ndani ya kasha la vifaa, ya kweli na ya uongo, na kurasa zote zinazobaki ni za msichana huyo kutafuta afanye nini na baba anayempenda. Mwishoni anatoka nyumbani alfajiri, ramani ya kweli iko kwapani. Mwandishi hasemi anaipeleka wapi. Mwalimu Nukta aliweza kuisema sura ile ya mwisho bila kufungua kitabu, na kila mwaka alipofika hapo darasa zima lilinyamaza, hata wale wa nyuma.

Riwaya ilikuwa na filamu yake, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa yeye akiwa bado chuo cha ualimu. Kila mwaka hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza kama wanaweza kuitazama. Na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile, kwamba filamu ile ni kitabu kilichonyolewa nywele, nyusi na masikio. Darasa lilicheka, likaandika, likaendelea.

Kwa hiyo barua ya maktaba kuu ilipomfikia, hakuhitaji kuisoma mara mbili. Mikanda ya filamu ile ilikuwa imepatikana stoo, yote minane, ikiwa imechoka lakini haijaoza. Maktaba ilitaka kujua kama inastahili kusafishwa, kutengenezwa na kupelekwa shuleni isomeshwe sambamba na riwaya. Waliteuliwa waamuzi watatu, naye alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Kura mbili zilitosha kuipitisha filamu au kuizika. Alijibu siku hiyo hiyo kwamba atakuja, na akaongeza, kwa mwandiko wake wa kusimama wima, kwamba kazi haitachukua muda mrefu.

Aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye alikuwa hajaolewa tena tangu mumewe afariki. Walikuwa wamegawana nyumba bila kuandikishana: vitabu upande mmoja, vitambaa upande wa pili, na meza ya kulia katikati kama mpaka wa nchi mbili zenye amani. Mdogo mtu alipoisikia habari ya filamu aliacha kushona.

"Dada, unakwenda kuihukumu," akasema, "na hujawahi kuimaliza."

Hiyo ilikuwa kweli, na katika dunia nzima ni huyo mdogo wake tu aliyeijua. Siku filamu ilipoonyeshwa mjini kwa mara ya kwanza walikwenda wote wawili. Filamu ilipokuwa imekwenda karibu saa nzima, binti wa mpima alisimama kando ya kijito akaanza kuimba. Katika riwaya binti yule haimbi hata mstari mmoja. Ni msichana mkavu, mwenye maneno machache. Mwanachuo yule, ambaye hakuwa Nukta bado, aliinuka akatoka nje na kumsubiri mdogo wake mlangoni zaidi ya saa nzima. Mdogo mtu alitoka amevimba macho kwa kulia. Dada yake alimcheka njia nzima mpaka nyumbani, na neno la "kunyolewa" lilizaliwa kwenye safari ile.

Mwalimu Nukta alimjibu mdogo wake kwamba safari hii ataimaliza, asiwe na wasiwasi, na atakayoyaona yatakuwa yale yale ila kwa urefu zaidi. Kisha akachomeka kalamu nyekundu kwenye mkoba.

Chumba cha kutazamia kilikuwa chini kabisa ya jengo la maktaba. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi nyeusi, kulikuwa na viti vinne, na projekta ilikaa mezani juu ya kamusi mbili nene zilizowekwa ili kuipandisha. Mkutubi, mwanamke mrefu aliyetembea na kishada cha funguo kilichomtangulia kwa mlio, ndiye aliyekuwa mwenyekiti na ndiye aliyeiendesha mashine kwa mikono yake, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na mikanda ile. Kura hakuwa nayo.

Mwamuzi wa pili alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Mkasi. Maisha yake yote alikuwa mhariri wa filamu, mtu wa kukata mikanda na kuiunganisha, na kabla hawajaketi alitaka liandikwe kwenye muhtasari kwamba filamu hii aliikata yeye, alipokuwa kijana. Kama wanamtilia shaka, alisema, ataondoka bila kinyongo. Wakamwambia abaki.

Wa tatu alikuwa mkaguzi wa mitaala, mtu wa makamo mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri. Mwalimu Nukta alipoingia, mkaguzi alisimama, akamwamkia shikamoo kwa sauti ya darasani, akampokea mkoba. Mwalimu alikuwa amemfundisha, dawati la pili kutoka dirishani. Mkaguzi huyo ndiye aliyeandika mwongozo wa riwaya ambao shule zote ziliutumia, na kwenye ukurasa unaoigusa filamu palikuwa na maneno yanayojulikana, kwamba imenyolewa nywele, nyusi na masikio. Hakutaja aliyatoa wapi. Mwalimu alikuwa ameyaona siku nyingi na kimoyomoyo yalimfurahisha.

Kila mmoja alipewa fomu yenye vichwa vitano na nafasi ya alama. Mkutubi alieleza utaratibu: sehemu ya kwanza leo, ya pili kesho, siku ya tatu majadiliano. Alizungumza kama mtu anayetimiza wajibu tu. Baadaye sana alikuja kukiri kwamba barua ya kuikataa filamu alikuwa ameshaiandika, imebaki kutiwa tarehe.

Taa ikazimwa. Mwalimu Nukta alianza kazi tangu dakika ya kwanza. Mpima ardhi wa kitabuni ni mtu aliyekondeana. Wa filamu alikuwa na kitambi. Mwenye kinu alicheka kila alipoingia chumbani, kana kwamba mtazamaji asingejua ni mbaya mpaka asikie kicheko. Palikuwa na mchumba aliyeokotwa hewani, hayumo katika riwaya hata kwa jina, kijana wa kofia aliyezubaa kwenye madirisha ya watu. Kalamu nyekundu ilikwenda mbio. Kando yake mkaguzi alitupa jicho kwenye fomu ya mwalimu wake, akatabasamu, naye akaandika.

Ukaja wimbo. Mwalimu alikunja mikono kifuani akavumilia beti zote nne.

Baada ya wimbo ilikuwa tukio la meza. Katika riwaya ni mazungumzo tu: mwenye kinu amekuja nyumbani kwa mpima, wamekaa, na hapo ndipo hatua arobaini zinatajwa kwa mara ya kwanza. Kwenye filamu wanaume wawili walikaa mbele, wakubwa, wakiongea. Nyuma yao, kwenye ncha ya meza, alikaa mke wa mpima akichambua mchele kwenye ungo. Hakuwa na neno la kusema. Vidole vyake vilikwenda vikirudi, chuya huku, mchele kule, kazi ambayo mikono huifanya yenyewe. Mwenye kinu akasema, kwa sauti ya chini, "Hatua arobaini tu." Vidole vikasimama.

Havikusimama kwa kishindo. Mama hakuinua kichwa, wala muziki haukulia. Vilisimama tu, kwa muda wa pumzi tatu hivi, wakati wanaume wale wakiendelea kuongea. Kisha vikaendelea kuchambua, lakini polepole, na sasa mchele na chuya viliwekwa upande mmoja.

Mwalimu Nukta aliketi wima. Alimwomba mkutubi arudishe nyuma. Mkutubi alisema mkanda ni dhaifu, hauwezi kuchezewa. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba ameitwa kuhukumu na hawezi kuhukumu jambo ambalo hana hakika kama ameliona. Mkanda ukarudishwa. Vidole vikasimama tena, pale pale. Safari hii kalamu haikuandika kitu.

Walipotoka kunywa chai, alikwenda kukaa na Mzee Mkasi kwenye benchi la ukumbini na kumuuliza yule mama ni mwigizaji gani, mbona hamjui.

Mkasi alicheka kidogo. Hakuwa mwigizaji, alisema. Alikuwa mshonaji wa mavazi ya filamu. Mwigizaji aliyeajiriwa aliugua siku ile, na mwongozaji hakutaka siku ipotee, akamkalisha mshonaji mezani na kumpa ungo. Alimwambia asiigize chochote, asikilize tu wanachosema. Maneno yenyewe alikuwa hajayasikia kabla.

"Basi vidole vilisimama vyenyewe," akasema mwalimu.

"Vyenyewe. Na nitakwambia zaidi, nisikufiche." Mzee alishusha kikombe. "Mpango ulikuwa hapo nikate, nionyeshe uso wa mpima. Kipande cha uso kikatoka na mikwaruzo, hakifai. Ndiyo maana mama akabaki."

Mkaguzi alikuwa amesimama karibu na aliyasikia. Alisema, bila ubaya, kwamba kumbe jambo lenyewe lilikuwa bahati. Mwalimu Nukta alimaliza chai yake, akachukua mkoba.

Alifika nyumbani mchana, akavua viatu, akachukua nakala yake ya riwaya. Ilikuwa imeshonwa mgongo mara mbili na mdogo wake, kwa uzi wa jeans, na pambizo zake zilijaa wino wa rangi nne, kwani kila alipoona amebadili mawazo alibadili rangi. Akafungua sura ya sita. Mazungumzo ya mwenye kinu yalikuwa yamepigiwa mistari karibu yote. Kijito kilikuwa na duara. Hatua arobaini zilikuwa na mistari mitatu na alama ya mshangao. Na katikati ya ukurasa, baina ya maneno ya mwenye kinu na jibu la mpima, palikuwa na sentensi moja fupi, nyeupe, ambayo hakuna rangi yoyote iliyowahi kuigusa: "Mama alikuwa amekaa pale pale."

Aliisoma kwa sauti. Kisha akarudi mwanzo wa kitabu akaanza kumtafuta mama, mama peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Mama alileta maji. Mama alifunga dirisha. Mama aliuliza kama kasha la vifaa limefungwa, na hakuna aliyemjibu. Asubuhi iliyofuata ule usiku ambao mpima alichora ramani ya uongo, mama ndiye aliyefagia vipande vya karatasi. Mpaka jua linaanza kuondoka dirishani alikuwa amempata mahali kumi na nne, na kila mahali alikuwa chumbani, na kila mahali alikuwa anajua. Na kasha, ambalo siku zote lilifungwa kwa ufunguo, siku binti alipolifikia lilikuwa wazi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba baba alijisahau.

Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani, anatia pindo pazia la mtu. Mwalimu Nukta alimuuliza kama anakumbuka siku ile ya sinema, alipotoka analia.

"Nakumbuka ulivyonicheka," akasema mdogo mtu.

"Ulikuwa unamlilia nani?"

Mdogo wake alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mzazi. "Mama. Si alijua tangu mwanzo? Amekaa na watu wanaozungumza kama hayupo. Nilidhani kila mtu anamtazama yeye, dada. Hao wengine walikuwa wanapiga kelele tu."

Mwalimu Nukta alivuta kiti akakaa upande wa vitambaa, ambako hakukaa mara nyingi. Alimwomba mdogo wake radhi kwa kicheko kile. Mdogo mtu alisema yalishapita, akauma uzi kwa meno, kisha akasema kwamba hata hivyo radhi yenyewe imechelewa kuliko mgeni wa arusi, lakini anaipokea. Wakacheka wote. Halafu walizungumza juu ya mama wa riwaya hadi chakula kikaungua, na mambo aliyoyasema fundi cherehani yule, ambaye riwaya yenyewe alikuwa ameisoma mara moja tu, mengine mwalimu aliyaandika.

Siku ya pili alikuja bila haraka. Alimtazama mama tu, kwa sababu sasa alijua atazame wapi, na filamu ikawa nyingine kabisa. Alikuwepo mlangoni, kwenye kioo, nyuma ya pazia linalopitisha mwanga. Hakusema zaidi ya maneno ishirini. Lakini mwalimu hakulewa. Mchumba wa kofia aliendelea kuzubaa. Na mwisho ulikuwa mbaya kuliko alivyosimuliwa: badala ya kutoka alfajiri kimya kimya, binti alitandaza ramani mbele ya umati wa watu wakapiga makofi, mwenye kinu akaanguka kwa magoti, na muziki ukapanda hadi chombo cha sauti kikaanza kukoroma. Mwalimu Nukta aliandika kwa nyekundu, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Kabla hawajatawanyika alimuuliza Mzee Mkasi swali moja zaidi: yule mshonaji aliitwa mara ngapi baada ya siku ile ya meza? Mzee alihesabu kwa vidole. Mara kumi na moja, akasema. Mwigizaji mwenyewe alipona wiki ile ile, akaambiwa asirudi.

Siku ya tatu walikutana ofisini kwa mkutubi, kwenye meza ya duara, mafaili yakiwa yamesukumwa pembeni. Mkaguzi aliomba aanze. Alitoa kwenye mfuko wa suti daftari la zamani lenye jalada lililofifia, na mwalimu akalitambua kabla hajalifungua. Yeye ndiye aliyewalazimisha wanafunzi wote kuyafunika madaftari kwa karatasi ya kaki. Mkaguzi alisema yeye hana la kuongeza kwa yale aliyofundishwa. Akasoma: filamu inakata, kitabu kinakuachia nafasi, filamu inakuonyesha uso ili usifikiri, filamu hii hasa imenyolewa nywele, nyusi na masikio. Alisoma vizuri, kwa heshima, na ilikuwa wazi kwamba anamfanyia mwalimu wake zawadi. Akamalizia kwamba alama zake ni kumi na mbili kwa hamsini, na anaamini hatakuwa peke yake.

Mzee Mkasi alifuata. Alisema ameitazama siku mbili na hakuona filamu, ameona viungo. Kila mahali alipokata, mkono ulimuuma upya. Mtu hawezi kuhukumu shati ambalo bado anazikumbuka sindano zake. Aliomba kura yake isihesabiwe, na akaegemea kiti kama aliyetua mzigo.

Ikabaki zamu ya Mwalimu Nukta. Hakusimama na hakupandisha sauti. Alisema kwanza makosa, yote, kitambi na kicheko na kofia na beti nne na makofi ya mwisho, na mkaguzi akawa anatikisa kichwa kukubali. Mwisho ule, alisema, ni uoga, na mwanafunzi yeyote anayeupenda aandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Kisha akasema kwamba filamu ipitishwe.

Mkaguzi alifunga daftari taratibu. Alisema hajaelewa.

Mwalimu akaeleza. Kwamba tukio moja la filamu limesoma riwaya vizuri kuliko alivyoisoma yeye. Kwamba mama yumo ndani ya kitabu tangu mwanzo hadi mwisho, anajua kila kitu, na kwa maoni yake ndiye aliyeliacha kasha wazi. Na kwamba katika maswali yote ya mtihani aliyowahi kutunga, mama hakupata hata swali la alama mbili.

"Lakini Mwalimu, lilikuwa bahati," akasema mkaguzi. "Mzee mwenyewe amesema. Mwigizaji mgonjwa, kipande kibovu. Tutampa vipi mtu alama kwa jambo ambalo hakulikusudia?"

"Siku ya kwanza hakulikusudia. Mara kumi na moja zilizofuata alimwita nani?" Alimwelekezea Mkasi mkono. "Mwigizaji alikuwa amepona. Mwongozaji aliyaona yale mama aliyoyafanya, akayaelewa, akaijenga filamu yake upya kwa kuyafuata. Kuona ni kazi, mwanangu. Mimi sikuona."

Akafungua nakala yake yenye uzi wa jeans, akaizungusha juu ya meza hadi mbele ya mkaguzi, kidole kikiwa kwenye ile sentensi nyeupe. Mkaguzi aliisoma. Akafungua nakala yake mwenyewe, akaitafuta na humo, kana kwamba huenda kwake haipo. Ilikuwepo. Mkutubi, ambaye alikuwa akiandika muhtasari, akaacha kuandika.

"Kwa nini hukutufundisha hili?" akauliza mkaguzi. Haikuwa lawama, au haikuwa lawama tupu. Alikuwa na sauti ya mvulana wa dawati la pili kutoka dirishani.

"Kwa sababu nilikuwa sijaliona. Niliwafundisha nilichokijua, na nilikifundisha vizuri. Hiki sikukijua."

Alilisema hilo bila kuinamisha macho, na Mzee Mkasi alisimulia baadaye kwamba alikuwa hajawahi kumsikia mtu akikiri kosa kwa fahari namna ile.

Mkaguzi alisema kuna jambo la mwongozo. Umechapishwa, upo shule zote, na ukurasa wa filamu unasema inavyosema. Akiipitisha leo atakuwa amejipinga mwenyewe mbele ya nchi nzima. Mwalimu alimjibu kwamba aliyepingwa si yeye, maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa mezani. Yuko tayari kuandika ukurasa mpya na kutia jina lake, ili lawama zote ziende zinakostahili. Mkaguzi aliona soni, kwa mara ya kwanza tangu wakutane, kwa sababu alielewa kwamba mwalimu alijua siku zote.

Alipitisha filamu shingo upande, kwa sharti. Isionyeshwe kwa mwanafunzi ambaye hajaimaliza riwaya, na ukurasa mpya uandikwe na wote wawili. Alibadilisha alama zake kwenye fomu, akazifuta mara mbili, na mwisho akaandika thelathini na moja. Mwalimu alitoa thelathini na nne. Hakuna aliyeona ni nyingi. Mkutubi aliomba dakika tano, akatoka, na karatasi fulani ikasikika ikichanwa upande wa pili wa mlango.

Kuitengeneza filamu kulichukua miezi tisa. Katika muda huo Mwalimu Nukta na mkaguzi walikutana kila Jumatano kuandika ukurasa wao, uliokuja kuwa kurasa sita, na waligombana karibu kwa kila aya. Mkaguzi alikuwa amegundua kwamba mwalimu wake anaweza kupingwa na dunia isianguke, na akaanza kulifanya jambo hilo kwa bidii. Mwalimu naye aliandika barua kwenye ukurasa wa wasomaji wa gazeti, akiwaeleza wanafunzi wake wa zamani kwamba aliwapa riwaya ikiwa imepungua mtu mmoja, na kuwaomba waisome tena. Barua nyingi zilimrudia. Muuguzi mmoja alimwandikia kwamba ameisoma tena kama alivyoagizwa na bado anaamini baba ndiye aliyejisahau, na akatoa hoja tatu. Mwalimu alizijibu zote tatu, karatasi mbili mbele na nyuma.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa maktaba, mlango wazi kwa yeyote aliyeimaliza riwaya. Fundi cherehani alikaa safu ya mbele, amevaa gauni alilojishonea kwa siku hiyo. Mzee Mkasi alikaa nyuma karibu na mlango, amefumba macho, na lilipofika tukio la meza aliyafumbua. Watu walikicheka kicheko cha mwenye kinu mahali ambapo hapakukusudiwa kuchekesha. Lakini "hatua arobaini tu" iliposemwa, ukumbi ulitulia hata ukasikia projekta inavyokwaruza.

Taa zilipowashwa Mwalimu Nukta alisimama mbele kupokea maswali. Mwanamume mmoja mwenye mikono iliyounguzwa na cheche, mchomeleaji vyuma, alisema yeye riwaya ameisoma wiki ile kwa sababu tangazo lilisema ni lazima, na filamu imeishinda. Mwisho wa kitabu umemwacha njiani. Anataka kujua ramani ilifika. Ndiyo maana amekuja.

Mwalimu alimwambia kwamba kutojua ndiyo kazi aliyopewa. Mchomeleaji alisema kazi anazo za kutosha. Watu wakacheka, na mwalimu akacheka nao, kisha akavuta kiti karibu na mtu yule, akamuuliza angejisikiaje kama mwandishi angemwambia ramani ilifika na hakuna aliyeijali. Mchomeleaji alifikiri. Alisema hilo lingekuwa baya zaidi, lakini lingekuwa kweli. Mwalimu akasema hapana, hata kidogo, na akafungua kitabu kumwonyesha.

Mdogo wake alisubiri, kisha akaingia kwenye ubishi, upande wa mchomeleaji. Mkaguzi alivua koti la suti akaingia pia, na hakuna aliyejua hasa yuko upande wa nani. Mkutubi alizunguka akifunga madirisha, funguo zikilia, na alipofika kwao akaona hawajafika hata nusu, akavuta kiti.